Yai Limetupwa Kutoka Ghorofani, Halina Hata Ufa!

Nimerudi sasa hivi, yaani sasa hivi hasa, viatu sijavua, maji sijanywa, na mikono yangu ingali inanukia makumbi ya nazi. Jamani! Nimeshika yai lililotupwa kutoka ghorofani! Nimelishika kwa mkono wangu huu, nikaligeuza huku na huku, nikalipitishia ncha ya kidole kuanzia kichwani hadi kitakoni, nikalisogeza sikioni, nikalitikisa kidogo. Hakuna ufa. Yai zima kabisa, laini, limetulia kana kwamba kuku ndiyo kwanza ameondoka juu yake. Na bado!

Ngoja nianze mwanzo, maana nikiruka nitakunyima utamu. Asubuhi nilialikwa katika shule moja ya msingi hapa Tanga, Darasa la Sita, kipindi cha Sayansi na Teknolojia. Nilitarajia chati ukutani na vichwa vilivyoinamia madaftari. Nikakuta soko! Madawati yamesukumwa pembeni, sakafuni kumetapakaa maboksi, makuti, majani makavu ya mgomba, vifuu, mafungu ya katani, neti kuukuu, magazeti, na sufuria ya gundi ya unga wa ngano ingali vuguvugu. Watoto wakasimama wote kwa pamoja, "Shikamoo anti!", nikaitikia marahaba huku macho yangu yameshapotelea sakafuni. Mwalimu akacheka, akanionyesha kazi aliyoiandika ubaoni. Kila kikundi kichague chakula kinachovunjika au kupondeka upesi, kikitengenezee kifungashio kwa vitu vya nyumbani na mtaani. Mifuko ya plastiki hapana, ile tumeshaagana nayo tangu Juni 1, 2019. Kisha chakula kirushwe kutoka varanda ya ghorofani, kipandishwe bodaboda, kilaliwe na mzigo, halafu kifunguliwe mbele ya darasa zima. Basi! Hayo tu! Na kutokana na hayo tu, rafiki yangu, nimeona mambo ambayo sijui nianze na lipi.

Naanza na la nazi, siwezi kungoja.

Binti mmoja mdogo, mwembamba, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja, alinikabidhi kitu cha mviringo, cha kahawia, chenye manyoya, kizito kidogo. Nikakitazama. Nazi! Nikamwambia, mwanangu, mimi nimekuja kuona kifungashio. Akatabasamu kwa aibu. "Fungua, anti." Kumbe ile nazi ilikuwa imepasuliwa nusu kwa nusu na kufungwa tena kwa kamba ya katani, mizunguko miwili, na fundo la kuvuta kama la kiatu. Nikavuta, kamba ikateleza, vifuu viwili vikaachana, na ndani, jamani, ndani! Kiota! Nyuzi za makumbi zimechambuliwa moja moja, zimepigwapigwa, zimechanuliwa kwa vidole hadi zimekuwa teketeke, nyepesi, zenye joto la ajabu, zinachomachoma kidogo tu, na katikati ya manyoya yale limelala yai bichi, ncha chini, kitako juu, limefunikwa kama mtoto mchanga wa siku tatu. Unajua tunavyosema fulani amelelewa kama yai? Nimesema maneno hayo maisha yangu yote, na leo ndiyo mara ya kwanza kuona kwa macho yangu yai lenyewe linavyolelewa!

Nikabonyeza kile kiota kwa kidole gumba. Kikazama. Nikaachia. Kikainuka chenyewe, polepole, polepole, kama kitu kinachovuta pumzi. Nikabonyeza tena. Nikabonyeza mara ya tatu, na ya nne, binti wa watu ananisubiri, mimi sitaki kukiachia!

Na hebu fikiri pamoja nami. Mnazi umekuwa ukifanya jaribio hili tangu enzi na enzi. Nazi inang'oka kule juu kabisa, inashuka, inatua puu! mchangani, na ndani kifuu hakina neno, maji hayajamwagika hata tone. Sisi tumekaa chini ya minazi hiyo hiyo tangu tunatambaa, makumbi yake tunachochea moto, nyuzi zake tunasugulia masufuria, tunasokotea kamba, na hatukuwahi kujiuliza yale manyoya yote yalikuwa na kazi gani kwa nazi yenyewe. Mtoto wa Darasa la Sita kajiuliza! Kachukua koti la nazi, kalivisha yai!

Basi tukatoka nje wote. Bibie akapanda ghorofani na nazi yake, akasimama kwenye varanda, akanyoosha mikono juu ya ukuta. Uwanja mzima kimya. Hata wale wa Darasa la Pili waliokuwa wakicheza rede waliacha mpira. Moja, mbili, akaachia. Ko! Mlio mkavu, mkali, wa kuumiza jino. Na mimi nikaona kwa macho yangu kifuu cha chini kikipasuka, kipande kikaruka hadi kwenye maua. Roho yangu ikaenda chini nacho. Nikasema pole, pole sana mwanangu, kwa jinsi ulivyohangaika. Yeye alikuwa ameshashuka ngazi mbiombio, anahema, anafungua kamba, anapanua nyuzi. Yai hili hapa! Zima! Uwanja ukalipuka, wakapiga vigelegele, wakapiga makofi, mwalimu akarukaruka, mimi nikarukaruka, mkoba ukaanguka sikuujali.

Nikamwambia, lakini kifuu kimepasuka. Akanitazama kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. "Ndiyo kazi yake, anti. Yai linavunjika likisimama ghafla. Mimi nilitaka lisimame polepole, kwa hiyo kila kitu kingine kinaumia kwanza."

Kila kitu kingine kinaumia kwanza! Nywele zilinisimama. Ana miaka kumi na miwili, kumi na mitatu kwa kukisia, na ameeleza kwa pumzi moja jambo lililonitoa jasho katika fizikia ya sekondari: lile pigo la sakafu, ukiligawa katika muda mrefu kidogo, hata kama ni kufumba na kufumbua, linapungua ukali. Nyuzi zinapobonyea zinaiba muda. Kifuu kinapopasuka kinakula sehemu ya pigo. Linalobaki likifika kwenye ganda ni kama mtu amegusa tu. Tena ganda lenyewe si goigoi kama tunavyolidhania. Chukua yai sasa hivi, liweke katikati ya viganja, ncha upande huu na kitako upande ule, ubane. Bana kweli kweli! Lile umbo la kuba linausambaza mkandamizo pande zote. Lakini ligonge pembeni kwa kitu kidogo chenye ncha, kwisha habari. Watoto wanalijua hilo kwa vidole vyao, maana wote walibana mayai leo, darasa zima, meno yameumana, macho yamefumbwa, na ile sura ya mtu anapogundua kuwa halivunjiki, ah, natamani ungekuwepo!

Na ile kamba ya katani, ngoja nikwambie kitu kuhusu katani, maana hapa Tanga hatuwezi kuishika tukanyamaza. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Dk. Richard Hindorf, aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida, ikazunguka hadi Hamburg, ikapanda meli kuja huku kwetu, na miche 62 tu ndiyo iliyofika ikiwa hai. Sitini na miwili! Mashamba yote yale ya Muheza na Korogwe, marefu hadi macho yanachoka, asili yake ni kale kamzigo kadogo kalikonusurika safarini. Leo nyuzi za mmea huo huo zinafunga kifungashio cha yai mkononi mwa mtoto. Mimi mambo kama haya yananisisimua mno, niwie radhi, nashindwa kujizuia.

Haya, njoo kwa kripsi. Njoo, njoo, hili ndilo nililoliota njia nzima nikirudi!

Vijana wawili walichagua kripsi ya muhogo. Moja! Kripsi moja, kubwa kama kiganja cha mtoto, nyembamba ya kupitisha mwanga, imejikunja pembeni kama sikio. Marekani huko walimu huwapa wanafunzi kazi ya namna hiyo hiyo, kutuma kwa posta kripsi moja ya Pringles ifike nzima nzima, na mwalimu wetu ndiko alikolipata wazo. Lakini zile za Pringles, rafiki yangu, zote zina umbo moja, zimepinda kama tandiko la farasi, zinalaliana ndani ya kopo kama vikombe vya seti moja. Aliyebuni lile kopo, mkemia Fred Baur, alilipenda kiasi kwamba alipofariki mwaka 2008 sehemu ya majivu yake ilizikwa ndani ya kopo hilo, kwa ombi lake mwenyewe! Naye kripsi zake zilikuwa zimenyooka tabia. Sasa hii ya muhogo? Kila moja na umbo lake, na kona zake, na ukaidi wake. Huwezi kuichongea kopo. Ukiifunga kwa pamba inakatika kona. Ukiilaza kwenye karatasi inakatika katikati. Vijana walinionyesha bakuli la zilizokatika, limejaa, na wote wawili midomo inang'aa mafuta.

Walichofanya ni hiki. Walichukua boksi la viatu, wakakata neti kuukuu vipande viwili, wakavivuta vikakaza juu ya fremu mbili za vijiti vya makuti, kama ngoma. Kripsi ikalazwa juu ya neti ya kwanza, neti ya pili ikashuka juu yake, fremu zikafungwa pamoja, zikatundikwa katikati ya boksi kwa mipira iliyokatwa kwenye tyubu ya baiskeli, pembe nne. Umeona? Kripsi haigusi chochote! Imening'inia hewani, imeshikwa na vitundu, inaelea! Walinifungulia kifuniko nikainama, nikapuliza kidogo, pfff, na fremu nzima ikatetemeka, ikacheza juu chini, juu chini, kisha ikatulia. Nilipuliza tena. Huwezi kuacha! Nikagusa neti kwa ncha ya ukucha, nikahisi kripsi inavyotikisika kule ndani, kavu, nyepesi, kama bawa la kipepeo, na nikajikuta nimebana pumzi. Kipande cha muhogo wa kukaanga kimenifanya nibane pumzi!

Bodaboda ikaja. Dereva ni jirani wa shule, akaambiwa apite ile barabara ya nyuma yenye mashimo, aende hadi kwenye kibanda cha mama wa maandazi arudi, na asimwonee huruma mtu. Hakumwonea! Tulimsikia akirudi kabla hatujamwona, boksi linadunda kwenye kerea, gwa, gwa, gwa, vijana wameshikana mikono. Likafunguliwa. Ile fremu ilikuwa bado inachezacheza, na katikati kripsi imekaa, nzima, hata yale masikio yake yaliyojikunja hayajapungua. Mmoja wao akaitoa, akainua juu ikapenywa na jua, akaivunja vipande viwili, kimoja kwake kimoja kwa mwenzake, krach! Ule mlio! Ule mlio ndio uliokuwa cheti chao.

Na bado! Kulikuwa na wasichana watatu walioweka mayai ndani ya bisi. Bisi, zile zile za kutafuna! Boksi limejazwa bisi hadi juu, nyeupe pe, linanukia kama uwanja wa sabasaba, mayai manne yamezama ndani kama yanaogelea, unatikisa unasikia shuu shuu laini ya bisi zinazopishana. Likarushwa, likatua, yote manne mazima, na kifungashio tukakila! Tumekaa kwenye ngazi tunakila kifungashio! Nilikula viganja vitatu na sitaki kuficha.

Sasa yupo mwingine ambaye sitamsahau. Mvulana mkimya, wa nyuma, alifunga yai lake kwa magazeti. Mengi! Kaviringisha, kakaza, kakaza tena, kafunga kamba, akatoa kitu kigumu kama jiwe la kusagia. Nilipokigonga kwa kidole kililia ngo. Mimi nilidhani kitashinda, maana kilikuwa kinene kuliko vyote. Kikarushwa, kikatua tii, na ute ukaanza kutoka taratibu kwenye mkunjo wa ukurasa wa michezo. Darasa likasema aaah kwa huruma. Hakulia. Aliketi, akakunjua karatasi moja moja akitazama mahali ufa ulipoanzia, akaandika kitu daftarini. Baada ya mapumziko akarudi na magazeti yale yale, safari hii ameyakunja mikunjo kama kinanda, juu, chini, juu, chini, tabaka nne tu, katikati kumejaa hewa. Kifurushi chepesi hata ukakihofia. Kikarushwa, kikatua, kikanywea, kikafutuka tena. Zima! Karatasi ni ile ile, rafiki yangu! Pungufu kuliko ya mwanzo! Mara ya kwanza aliijaza ikakosa pa kubonyea, mara ya pili akaiachia nafasi. Nilimshika mkono nikaupiga-piga, sikuwa na maneno.

Mezani kwa mwalimu kulikuwa na trei la mayai, lile la kawaida la 30 tunaloliona dukani kila siku. Nimelipita mara elfu. Leo nililishika, nikapitisha kiganja juu ya vile vilima na vibonde, kikwaruzo cha karatasi iliyolowekwa ikakaushwa, nikabonyeza kilima kimoja kikanywea kidogo. Kila yai na chumba chake, hakuna anayemgusa mwenzake! Mwalimu akawasimulia watoto kwamba wazo la kulipa kila yai nafasi yake kwenye boksi lilitoka kwa mwandishi wa habari, Joseph Coyle, huko British Columbia, Kanada, mwaka 1911, baada ya mkulima na mwenye hoteli kugombana kuhusu mayai yaliyofika yamevunjika. Ugomvi wa mayai! Mwandishi anasikiliza, anakwenda kukunja karatasi!

Kikundi cha nyanya kilikuwa na shughuli nyingine kabisa, na hapa nataka unisikilize vizuri, kwa sababu wao hawakuhangaika na ghorofa. Nyanya adui yake ni nyanya mwenzake aliye juu. Wote tumeyaona matenga yakishuka kutoka Lushoto, marefu, yamejazwa yakafanyiwa kilemba cha majani juu, na za chini kabisa zikifika sokoni zimeshakuwa rojo. Watoto wakasuka pakacha la makuti, fupi, la kina kifupi makusudi, wakatandika majani makavu ya mgomba, tabaka moja ya nyanya, kisha kichanja cha vijiti kinachoegemea ukingo wa pakacha, kisha tabaka nyingine. Uzito wa juu unashuka kwenye ukingo, haugusi walio chini! Wakapanga mabegi ya shule juu yake, mawili, matano, tisa, mnara unayumba, mtoto mmoja akataka kukaa juu mwalimu akakataa. Nilitoa nyanya ya chini kabisa mwenyewe. Baridi, nyororo, imekaza, kijikonyo chake bado kijani. Niliiuma pale pale, juisi ikanitiririka hadi kwenye kiwiko.

Walipotoka kwenda kula niliomba kitu kimoja. Yule binti wa miwani akanipa nazi nyingine, ya akiba, ameshaifunga. Nimepanda nayo daladala, imejaa, nimesimama, nimebanwa mbavu, konda anapita akinikanyaga, breki kila kituo, na mimi nimekumbatia nazi yangu natabasamu peke yangu. Mama aliyeketi mbele yangu akaniuliza, "Mwanangu, hiyo nazi ina nini?" Nikamwambia ina yai. Akanitazama. Nikafungua pale pale, katikati ya safari, kichwa chake na kichwa changu vikainamia kile kiota, akatia kidole, akabonyeza, kikazama, akaachia, kikainuka. "Yallah!" akasema, na akabonyeza tena.

Sasa nazi iko mezani mbele yangu. Kikaango kiko jikoni kinapata moto. Nimevuta fundo, nimepanua nyuzi, nimelitoa yai, nimeligonga mwenyewe ukingoni, tk, na kiini kimeanguka cha mviringo, kimoja, cha manjano iliyokolea, katikati kabisa ya mafuta. Vifuu sijavitupa. Jumamosi njoo kwangu, njoo na yai lako, makumbi yako tele uani, na dirisha la juu nimeshalifungua.